Kwenda kuona nyangumi Húsavík: jinsi ya kujipanga na namna ya kutazama

Gati la Húsavík linanuka dizeli na samaki, kama gati la Lamu. Shakwe wanapiga kelele, kamba zimelowa, mabaharia wanasemezana kwa ishara. Mtu wa pwani akifika pale anajiona yuko nyumbani mpaka upepo umpige usoni. Nimekwenda mara tatu sasa, mara ya mwisho nikiwa na mama, na kila mwaka ndugu na marafiki wananiuliza maswali yale yale: niende lini, nipande boti gani, nivae nini, nitawaona kweli? Nimeona niyaandike majibu yote mahali pamoja.

Húsavík ni mji mdogo wa wavuvi kaskazini ya Iceland, wakazi wake hawafiki 3,000, na uko chini kidogo tu ya mstari wa Aktiki. Safari za kuwatazama nyangumi zilianza hapo mwaka 1995, kwa mashua za mbao za mwaloni ambazo zamani zilikuwa za uvuvi. Mbele ya mji kuna ghuba ya Skjálfandi. Mito miwili, mmoja ukitoka kwenye barafu ya milimani, inamwaga maji yake humo, na kiangazi, jua linapokaa angani karibu saa 24, vijimea vya baharini huzaliana kwa wingi mno. Vijikamba vidogo vinakula hivyo, samaki wadogo wa maji baridi wanaofanana na dagaa wanafuata, na nyangumi anakuja kwenye sinia. Elewa hilo tangu mwanzo: kule nyangumi amekuja kula. Ndiyo maana anakaa ghubani, na ndiyo maana anarudi juu mahali pale pale mara nyingi.

Kwetu mambo ni mengine. Nyangumi wenye nundu wanaopita Watamu, Pemba na Kizimkazi kati ya Julai na Oktoba wanatoka bahari ya kusini, kwenye barafu ya Antaktika, na wanakuja kuzaa na kupandana. Wa Iceland wanakwenda kuzaa Karibi na Cape Verde wakati wa baridi ya kaskazini. Ni aina moja ya nyangumi, lakini majira yao yamepishana: wa kule wanapojaza matumbo, wa kwetu wananyonyesha.

Kwanza, chagua mwezi

Watu wengi huanza na tiketi ya ndege, halafu ndipo wanauliza nyangumi yupo au hayupo. Geuza utaratibu huo. Safari za Húsavík zinaanza majira ya kuchipua na kuendelea hadi Novemba, lakini miezi haifanani.

Juni ndio mwezi ninaoupenda. Hakuna giza la usiku, boti zinatoka mpaka jioni sana, na kipindi hicho kuna bahati ya kumwona nyangumi buluu, mnyama mkubwa kuliko wote waliopata kuishi duniani. Huwezi kuahidiwa huyo, maana hupita tu. Julai na Agosti kuna joto zaidi, kwa maana ya kwao: nyuzi 10 hadi 15 nchi kavu. Wenye nundu wanakuwapo kwa wingi. Ukitaka pia kuwaona pafini, wale ndege weusi kwa weupe wenye midomo ya rangi rangi, nenda kabla ya katikati ya Agosti, kwa sababu baada ya hapo wanarudi bahari kuu. Kisiwa chao, Lundey, kiko humo humo ghubani.

Kama moyo wako uko kwa orka, wale weusi wenye mabaka meupe, usiende Iceland kwa ajili yao. Nenda Norwei ya kaskazini, pande za Skjervøy na Tromsø, kati ya Novemba na Januari, wanapofuata makundi ya samaki aina ya heringi. Ujue tu kwamba katikati ya kipindi hicho jua halichomozi kabisa, unapata mwanga hafifu wa saa chache. Na anayemtaka yule nyangumi mwenye meno na kichwa kama sanduku, anayezama hadi saa nzima, aende Andenes, huko huko Norwei, ambako bonde refu la chini ya bahari liko karibu sana na nchi kavu.

Karatasi na njia

Iceland si mwanachama wa Umoja wa Ulaya lakini imo ndani ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo anahitaji viza ya Schengen. Ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari isipungue yuro 30,000. Maombi yanapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na yasipelekwe chini ya siku 15 kabla. Iceland haina ubalozi Nairobi wala Dar es Salaam, hivyo uliza mapema ni ubalozi wa nchi gani unaoipokelea maombi. Ukiishi Ujerumani, Uholanzi au nchi nyingine ya Schengen kwa kibali halali, unaingia kwa kibali hicho. Ndugu zetu wa Uingereza wasidanganyike: kibali cha Uingereza si cha Schengen, na usipokuwa na pasipoti ya huko unahitaji viza.

Ndege za kimataifa zinatua Keflavík, kilomita 50 hivi kutoka mji mkuu, Reykjavík. Ndege za ndani kwenda Akureyri, mji mkubwa ulio karibu na Húsavík, kwa kawaida zinaruka kutoka uwanja mwingine mdogo ulio mjini Reykjavík kwenyewe, kwa hiyo usipange kuunganisha ndege kwa saa mbili. Kwa gari ni zaidi ya kilomita 450 mpaka Húsavík, siku nzima ukisimama kula na kupiga picha. Baada ya Akureyri utapita njia ya chini ya mlima, Vaðlaheiðargöng. Haina kibanda cha kulipia. Unalipa mwenyewe mtandaoni, la sivyo bili itafuata gari la kukodi pamoja na nyongeza. Kuhusu pesa taslimu usihangaike, kadi inapokelewa kila mahali mpaka chooni.

Kaa Húsavík usiku mbili, si mmoja. Upepo ukivuma safari inafutwa, na mwenye siku moja tu anaondoka bila kuona kitu.

Chagua boti kwa kumchagua nahodha

Utakuta aina mbili za vyombo. Mashua za mwaloni ni pana, zina sitaha ya kutembea, choo, na safari yake ni kama saa tatu. Boti za mpira zina mbio, zinafika mbali haraka, unakaa kwenye kiti kama cha farasi, na kila wimbi linapanda mgongoni. Mjamzito, mwenye matatizo ya mgongo au shingo, na mtoto mdogo hawapandi boti ya mpira, na kampuni yenyewe itakukatalia. Kwa mzee au familia, nasema bila kusita: mashua ya mbao. Tarajia zaidi ya krona 10,000 za Iceland kwa mtu mzima.

Lakini aina ya boti ni jambo dogo. Jambo kubwa ni tabia ya anayeshika usukani. Kuna mwaka nilipanda boti ya mbio katika bandari nyingine ya kaskazini. Tulimwona mwenye nundu akipumua kwa utulivu, mara tatu, mara nne, akielekea kina kirefu. Nahodha wetu akaongeza kasi, akamkata mbele ili abiria wapate picha ya uso. Nyangumi akakunja mgongo akazama. Tulingoja dakika ishirini. Hatukumwona tena, na boti nyingine mbili zilizokuwa zikimsubiri kwa adabu nazo hazikumwona. Niliudhika sana, kwa sababu jambo hilo nimelijua tangu utotoni. Nimeona Kizimkazi pomboo wakizungukwa na boti kumi, wageni wakirushwa majini juu ya vichwa vyao, mpaka kundi zima linakimbilia nje. Mnyama anayefukuzwa hapumziki, halishi mtoto, na siku moja anahama.

Kwa hiyo kabla hujalipa, uliza maswali haya, kwa simu au kwa barua pepe. Mnamkaribia vipi? Jibu zuri ni: kwa ubavuni na nyuma kidogo, mwendo wa taratibu, bila kumkata mbele. Mkiwa karibu injini inakuwaje? Mnakaa naye muda gani kabla ya kumwachia nafasi? Boti zikiwa nyingi mnafanyaje? Kampuni zilizo kwenye umoja unaoitwa IceWhale zimekubaliana kanuni za namna hiyo, na anayezifuata hujibu bila kubabaika. Anayekuahidi kwamba utawagusa, muache.

Kuna pia Ópal, jahazi la milingoti miwili ambalo mwaka 2015 liliwekewa mota ya umeme. Likienda kwa tanga, panka yake inageuzwa na maji na kuchaji betri. Kwa mtu aliyekulia kwenye majahazi, kumsogelea nyangumi kwa tanga tupu ni jambo ambalo ningelipia mara mbili.

Nguo

Boti nyingi zinakupa ovaroli nzito ya kuzuia upepo na maji. Usiitegemee peke yake. Baridi ya baharini haifanani na ya nchi kavu: maji yenyewe yana nyuzi chini ya 10, boti inatembea, na wewe umesimama tu saa tatu.

Ndani kabisa vaa fulana na suruali ya kubana ya sufu. Pamba haifai, ikilowa jasho inakukausha joto lote. Juu yake sweta la sufu, halafu koti, halafu ndiyo ovaroli. Soksi mbili za pamba ni mbaya kuliko moja ya sufu, hasa zikibana viatu, maana damu haipiti vidoleni. Kofia ifunike masikio. Kinamama wanaovaa hijabu, hijabu ya sufu au ya kitambaa kizito chini ya kofia ya ovaroli inafaa sana, ila ichomekwe vizuri ndani ya koti isije ikapeperuka usoni. Glavu leta jozi mbili: nyembamba za kushikia kamera na nene za kuvaa juu.

Mama alikataa glavu siku ya kwanza. Alisema mikono yake imezoea kazi. Baada ya nusu saa hakuweza kufunga kifungo cha koti lake mwenyewe, nikamfungia. Siku ya pili alizivaa kabla hatujatoka hotelini.

Tumbo

Kulevywa na bahari hakuchagui mpwani wala mtu wa bara. Nahodha aliyekulia kwenye ngalawa anaweza kutapika kwenye mashua ya injini, kwa kuwa mtikisiko ni mwingine. Ukitaka dawa, muulize mfamasia, uimeze saa moja kabla ya kung'oa nanga. Ukiinywa ukiwa tayari umeanza kusikia kichefuchefu haisaidii sana. Nyingi zinaleta usingizi, kwa hiyo asiyeimeza ndiye aendeshe gari. Kula kitu chepesi na kikavu, mkate au ndizi, na utafune tangawizi. Usitoke na njaa.

Ukiwa ndani, kaa katikati ya mashua karibu na tezi, yaani nyuma, ambako mruko ni mdogo. Tazama upeo wa macho au milima ya ng'ambo ya ghuba, yenye theluji hata Julai. Usitazame simu, usiingie chumba cha chini. Ikibidi kutapika, nenda upande wa demani, kule upepo unakoelekea, usikurudishie, na ushike nguzo kwa mikono miwili.

Namna ya kutazama

Hapa ndipo watu wanapopoteza safari zao. Wanakaa wakingoja waonyeshwe, na mwongozaji anapopaza sauti wao wanageuka kuona maji matupu.

Mwongozaji hutumia saa kuonyesha upande. Omo, yaani mbele ya boti, ni 12, kulia ni 3, tezi ni 6, kushoto ni 9. Kwa sisi tunaosema Kiswahili hapo pana mtego. Mara ya kwanza mwongozaji alipoita tatu kwa Kiingereza, nikamwambia mama "saa tatu!" Mama aligeuka haraka kushoto, kwa sababu kwake mshale wa saa tatu unaelekea kwenye tisa. Nyangumi alikuwa kulia, na alipogeuka mkia ulikuwa umeshazama. Ukiwa na wazee, tafsiri kwa maneno ya baharini: omo, tezi, kulia, kushoto.

Usitafute mnyama. Tafuta pumzi. Mwenye nundu akitoka hutoa mvuke mnene wa mita tatu hivi, kama moshi wa kuni mbichi, unaobaki hewani sekunde chache kabla ya upepo kuuchukua. Wa nyangumi buluu ni mrefu na mwembamba, unafika mita tisa, na unauona ukiwa mbali sana. Minke, mdogo wao, pumzi yake haionekani kirahisi. Utaona mgongo mweusi na pezi dogo lililopinda, basi. Pitisha macho polepole toka kushoto kwenda kulia, kisha rudi, ukitumia macho matupu. Darubini ichukue baadaye, ukishajua yuko wapi.

Tazama ndege pia. Shakwe wakikusanyika na kupiga mbizi mahali pamoja, chini kuna samaki, na penye samaki huenda pana mdomo mkubwa unaopanda.

Halafu hesabu. Mwenye nundu hupumua mara kadhaa akiwa juu, akipumzika sekunde chache kati ya pumzi na pumzi. Kisha mgongo unakunjwa juu zaidi kuliko mwanzo, ile nundu inaonekana wazi, na hapo ujue anazama: mkia unafuata. Angalia saa. Mara nyingi atakaa chini dakika 5 hadi 10. Mara hii akirudi baada ya dakika saba, mara ijayo huenda akakaa karibu hivyo hivyo, basi dakika ya sita kamera iwe mkononi.

Anapozama anaacha alama ambayo wengi hawaioni. Pigo la mkia chini ya maji linasukuma juu duara laini, lisilo na kiwimbi hata kimoja, kama mahali palipomwagwa mafuta ya nazi. Mawimbi yote yanayozunguka yanatembea, lile duara limetulia. Mfululizo wa maduara hayo unakuonyesha anakoelekea, kama nyayo mchangani.

Na injini ikizimwa, nyamaza. Siku ya pili tulikuwa tumesimama hivyo, watu arobaini hakuna anayesema, na mmoja alipanda hatua chache tu kutoka ubavuni mwetu bila sisi kumfuata. Tulisikia pumzi kabla ya kumwona: sauti nzito, kama tairi la lori linalotolewa upepo, kisha tulilowa umande wenye harufu ya samaki waliooza. Matundu mawili ya pua yalifunguka na kufunga mbele yetu. Mama alinishika mkono kwa glavu zake akasema "Subhanallah" kwa sauti ndogo, na hakusema lingine mpaka tuliporudi bandarini.

Pomboo wa huko ni wenye midomo mifupi myeupe, wanene kuliko wa kwetu. Wakitaka watakuja wenyewe kucheza kwenye wimbi la omo. Wasipotaka, haifai kuwafuata.

Picha

Simu inatosha kwa video. Kwa mkia unahitaji kamera yenye lenzi ndefu, kasi ya 1/1000 au zaidi, na mkanda shingoni. Betri zinaishiwa nguvu haraka kwenye baridi. Ya akiba iweke mfuko wa ndani, karibu na mwili. Mzamo wa kwanza usiupige picha, utazame kwa macho yako. Utarudi.

Ukirudi nchi kavu

Siku hiyo hiyo ingia Makumbusho ya Nyangumi, hatua chache kutoka gatini, kwenye jengo lililokuwa machinjio zamani. Kuna kiunzi cha nyangumi buluu chenye urefu wa mita 25, aliyekutwa amekufa ufukweni mwaka 2010. Ukiwa umetoka kuwaona walio hai, ndipo mifupa ile inakueleza kitu.

Ikiwa hamkuona nyangumi hata mmoja, usiondoke kimya. Kampuni nyingi zinakupa safari nyingine bure, ila lazima uulize tiketi yako pale dirishani, na ndiyo sababu nyingine ya kukaa usiku mbili.

Utakapopita Reykjavík utaona nyama ya nyangumi kwenye baadhi ya mikahawa. Iceland, Norwei na Japani ndizo nchi ambazo zimeendelea kuruhusu uwindaji wa nyangumi kibiashara. Mimi siiagizi, na wenye boti wenyewe wamekuwa wakiwaomba wageni wasiiagize.

Ukiwa na picha ya upande wa chini wa mkia, usiiache ikalala kwenye simu. Madoa meupe na meusi ya hapo hayafanani kwa nyangumi wawili, kama alama za vidole. Ipeleke kwenye tovuti ya Happywhale, uandike tarehe na mahali, na programu yao italinganisha na mikia iliyokwisha kukusanywa duniani. Picha za Watamu na Kizimkazi wanazipokea vile vile. Ya kwangu ilijibiwa: nyangumi yule yule alikuwa amepigwa picha kabla yangu, na mtu mwingine, kwenye ghuba ile ile.